Kabla Mathe Achukue Loan ya Sacco Ulipe Masters ya PR, Soma Hii

Form iko hivi. Uligraduate na digrii ya communication, umetarmac mwaka mzima, na CV yako imezunguka Nairobi kuliko matatu. Sasa mbogi ya campus imeanza story ya intake ya Septemba. Mmoja anarudi kufanya masters ya public relations, mwingine anaitisha link ya portal ya chuo. Kejani mathe amesikia, amefurahi, na anasema sacco yake inaweza kutoa loan.

Tulia kiasi. Hiyo doo ya mathe ni jasho ya miaka, so wacha tuangalie inanunua nini haswa.

Kitu ya kwanza ya kuelewa ni kwamba PR, ama uhusiano mwema vile watu wa Kiswahili cha ofisi huiita, haina geti ya leseni Kenya. Ukitaka kuwa wakili lazima upitie Kenya School of Law na uapishwe. Daktari lazima asajiliwe ndio akuguse. Lakini PR unaweza kuamka kesho, usajili kampuni yako, uanze kuandikia watu taarifa za wanahabari na hakuna mtu atakukamata. Public Relations Society of Kenya, wale PRSK, wamekuwa hapa tangu 1971, lakini kujiunga nao ni hiari yako.

Na si Kenya pekee. Edward Bernays, yule jamaa wa Marekani ambaye wengi humwita baba wa PR, digrii yake ilikuwa ya kilimo. Alimaliza Cornell mwaka wa 1912. Ilifika 1923 ndio akaanza kufunza kozi ya PR pale New York University, na Boston University ikafungua shule ya PR mwaka wa 1947. Kazi ilikuwa mtaani kitambo kabla darasa lijengwe.

Kwa nini nakuambia hivi? Juu ukienda kutafuta kazi ya kwanza kwa agency, swali huwa: umeandika nini, umesimamia akaunti ya nani, event gani uliipanga ikatoboa, ni wanahabari wangapi wanaweza kushika simu yako? Masters haijibu hata moja ya hayo maswali. Mbaya zaidi, ukiingia na masters bila experience, boss anaweza kuona wewe ni mtu wa bei ghali ambaye bado anafaa kufunzwa kuandika kichwa cha habari. Halafu yule mliketi naye darasa moja, ambaye alikubali kuwa intern na akala chapo madondo miaka miwili, sasa ndiye anakuhoji.

Mimi niliacha college kitambo na nakula kupitia kuandika, so unaweza kudhani nakuja kukuambia masomo ni ya wazembe. Zii. Kuna mahali hiyo karatasi inafungua mlango ambao talanta pekee haiwezi.

Mahali hapo ni serikalini na kwa mashirika ya umma. Fungua matangazo ya kazi ya Tume ya Utumishi wa Umma, ama ya parastatal yoyote inayotafuta mkuu wa mawasiliano. Kwa nafasi za chini wanaitisha digrii. Ukipanda ngazi hadi kiti cha mkurugenzi, masters inaanza kuandikwa kama lazima, pamoja na miaka kadhaa ya kazi. Soma hiyo sehemu ya mwisho tena: pamoja na miaka ya kazi. Kuna watu wako ndani ya ofisi za kaunti na wizara wamekwama job group moja, kazi wanaijua ndani nje, lakini mfumo wa kupandishwa cheo unawaambia leta cheti. Kwa huyo mtu, masters ni hesabu safi. Anajua mlango ni gani, anajua mshahara uko nyuma ya huo mlango ni ngapi.

Wewe ambaye hujaingia jengo, unanunua funguo ya ghorofa ya sita na bado uko nje ya geti.

Sasa darasani kunafunzwa nini? Hapa lazima tuwe fair. Masters poa ya PR haikufunzi kupost. Inakufunza kufikiria vile umma unafikiria. Utakutana na Grunig na Hunt, ambao mwaka wa 1984 walipanga PR kwa mifano minne, kutoka ile ya kupiga kelele ndio watu wakutambue, hadi ile ya mazungumzo ya pande mbili ambapo shirika nalo liko tayari kubadilika. Utakutana na Timothy Coombs, ambaye alichambua majibu ya shirika likiwa kwa moto: unaweza kukana, unaweza kupunguza uzito wa kosa, ama unaweza kukubali na kurekebisha. Kila jibu lina wakati wake, na ukichagua vibaya unaongeza mafuta.

Hiyo si theory ya hewani, tuliiona live. Juni 25, 2024, waandamanaji waliingia Bunge juu ya Mswada wa Fedha. Usiku huo Rais Ruto alihutubia nchi kwa ukali, akaongea mambo ya uhaini. Kesho yake, Juni 26, akasema hatautia saini. Julai 5 akaingia X Space kuongea na vijana wenyewe. Yaani kutoka kukana hadi kukubali ndani ya saa 24, halafu mazungumzo yakaja baada ya watu kuzikwa. Mwanafunzi yeyote wa crisis communication angekuambia mazungumzo ndiyo yalifaa kuja kwanza.

Lakini angalia upande ule mwingine pia. Wasee waliotafsiri ule mswada kwa lugha za mama, waliotengeneza video za dakika moja kueleza kodi ya mkate, na hata chatbot ya kujibu maswali kuhusu vifungu vyake, hakuna aliyewaitisha cheti. Walifanya kampeni ya mawasiliano kubwa kuliko zote ambazo kizazi chetu kimeona, kwa bundles za soo moja. So elimu ya PR ina maana, na njia ya kuipata si moja.

Turudi kwa doo. Julai 2021 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipandisha karo, masters zingine zikaruka karibu mara mbili, na makomredi wakaingia barabarani. Ule mfumo wa ufadhili wa 2023 uliundwa kwa wale wa digrii ya kwanza na TVET, so wewe wa masters unajisimamia. HELB wana mkopo wa postgraduate, lakini kumbuka bado unaweza kuwa na ule wa kwanza, na ukikwama kulipa kuna faini ya 5,000 kila mwezi.

Fanya hesabu ya mtaa. Tuseme masters yako itakula laki nne, karo na fare na kuprint. Kama itakuletea promotion ya kuongeza 15,000 kwa mwezi, unarudisha hiyo doo kwa karibu miezi 27. Hiyo inaingia akilini. Lakini kama hakuna promotion inayokungoja, hakuna namba ya kugawa nayo. Laki nne gawanya kwa sifuri, hata calculator itakataa.

Halafu kuna kitu haiandikwi kwa poster ya intake: thesis. Masters imepangwa kuwa ya miaka miwili, lakini uliza watu watakuambia coursework huisha vizuri kisha mtu anapotelea kwa utafiti. Supavaiza hajibu email. Unahitaji leseni ya utafiti ya NACOSTI, na inalipiwa. Ukitaka kuhoji staff wa shirika fulani, shirika lenyewe linaweza kukuzungusha miezi. Wale hutoboa haraka mara nyingi ni wale wako kazini tayari, juu data iko kwa meza yao na swali la utafiti linawauma kila siku. Fresher anatafuta topic kama mtu anatafuta network Turkana.

Kuna njia ya kufanya hii kitu bila kugusa sacco ya mtu. Scholarship ya Chevening ya serikali ya Uingereza inalipia masters ya mwaka mmoja, na PR ni kati ya kozi unaweza kuchagua. Lakini wanataka nini? Saa 2,800 za kazi, kama miaka miwili hivi, na ukimaliza unarudi nyumbani angalau miaka miwili. Umeona hiyo pattern? Hata wale wanatoa doo ya bure wanataka kwanza uwe umefanya kazi.

Na usisahau AI. Taarifa ya wanahabari ya kawaida sasa hivi mashine inaandika kabla maji ya chai ichemke. Kazi za chini za PR, zile fresher alikuwa anaanzia, ndizo ziko kwa hatari. Kitu mashine haiwezi ni kujua ni mhariri gani wa kupigia saa tano usiku, na ni wakati gani wa kumwambia CEO anyamaze. Hiyo unaokota kazini, ukikosea kidogo kidogo chini ya mtu anajua.

So kama uko kazini na umeona tangazo lenye limekufungia nje juu ya karatasi, enda ukasome, hata jioni, hata weekend. Hiyo doo itarudi. Kama bado unatarmac, chukua sehemu ndogo ya ile loan mathe alikuwa anataka kuchukua, nunua laptop ya mtumba, tafuta chama, kanisa, klabu ya mpira ama duka ya mtaa yenye hakuna mtu anaiongelea, na uifanye iongelewe. Fanya miezi sita, weka kila kitu kwa folder, na hiyo folder ndiyo ubebe interview.

Masters itakungoja. Intake iko kila mwaka, na hakuna chuo itafunga geti juu umefika na miaka mitatu ya kazi. Sacco ya mathe ikishakopwa, nayo, itaanza kukatwa mwezi ujao, uwe umepata kazi ama hujapata.