Kelele Siyo Spidi: Staa Kapigwa Bendera Nyeusi, Povu la Nini?

Haya wadau, najua wengi wenu mshaiona ile klipu. Staa wetu mmoja, jina kapuni maana mnamjua kuliko ninavyomjua mimi, yupo Uingereza kwenye uwanja wa mbio za magari, helmeti mkononi, kasimama pembeni ya ndinga nyekundu na analalamika kama kaibiwa. Kisa? Kafukuzwa uwanjani kwa sababu gari lake lina kelele. Anauliza inakuwaje uwanja wa mashindano unataka watu waendeshe kimya kama wanaenda msibani.

Nikashuka kwenye komenti. Mama yangu! Kila mtu anampa pole. Wivu huo, kaka. Wazungu wana roho mbaya. Ungekuwa mtoto wao wangekuacha. Hata mastaa wenzake, wale ambao kila wiki wanatafuta kiki, wamekuja kuweka viemoji vya moto.

Mimi leo nakuja tofauti, na matusi nayasubiri.

Kwanza kuna kipande ambacho klipu haijakionesha. Mdau wetu aliyekuwepo siku ile anasema jamaa alipimwa asubuhi kama wengine wote. Namna wanavyopima ni hivi: gari limesimama, kipima sauti kinawekwa nusu mita kutoka mdomo wa bomba la moshi, kwa pembe ya digrii 45, halafu dereva anakanyaga mafuta mpaka injini ifike kama robo tatu ya mizunguko yake ya juu. Viwanja vingi vya Uingereza vinataka usizidi desibeli 105, na zipo siku wanashusha mpaka 98 au chini ya hapo. Ya staa wetu ikasoma 109.

Najua utasema nne tu? Desibeli hazihesabiwi kama maembe, ndugu yangu. Kila zikiongezeka 3, nishati ya sauti inakuwa maradufu. Kwa hiyo 4 ni kama mara mbili na nusu ya kilichoruhusiwa. Zikiongezeka 10 ni mara 10, na sikio la binadamu linasikia kama kelele imekuwa mara mbili.

Hawakumfukuza. Fundi mmoja pale akamwazima kizibo, kile kipande cha bomba chembamba kinachofungwa kwa bolti kwenye mdomo wa ekzosi. Akapimwa tena: 104, pita baba. Kaendesha asubuhi nzima kwa raha zake. Baada ya msosi wa mchana, akakivua. Anataka klipu yenye mlio. Amesahau kwamba viwanja hivyo vina kipima kingine kando ya barabara kinachokusubiri upite. Mzunguko wa pili tu, bendera nyeusi, rudi ndani, pakia gari, hela hairudi.

Sasa huo ubaguzi uko wapi hapo?

Mtu mmoja kaandika kwamba Marekani hawana ushamba huo. Marekani ipi? Nenda Laguna Seca, California, uwanja uliofunguliwa 1957, wenye ile kona maarufu ya Corkscrew inayodondoka kama unaanguka ghorofani. Siku nyingi za kawaida pale, gari likipita mbele ya kibanda cha kupimia lisizidi desibeli 90 au 92. (Usilinganishe na ile 105 ya Uingereza, hiyo inapimwa nusu mita kutoka kwenye bomba, hii inapimwa ukiwa unapita.) Siku za kuachia kelele zinahesabika kwa mwaka. Watu wenye Porsche 911 GT3, injini isiyo na turbo inayozunguka hadi 9,000 kwa dakika, wanahangaika pale kweli kweli. Magari ya turbo yana nafuu kidogo, kwa sababu turbo inakula sehemu ya nguvu ya moshi kabla haujatoka nje. Na pamoja na masharti yote hayo, Desemba 2023 kundi la wakazi wa eneo lile liliishtaki kaunti ya Monterey, ambayo ndiyo mmiliki wa uwanja, na kelele ilikuwa mojawapo ya malalamiko.

Au nenda Lime Rock Park, Connecticut. Nao ulifunguliwa 1957. Kuna kanisa jirani, kuna watu wanaoishi pale, wakaenda mahakamani, na 1959 mahakama ikapiga marufuku mbio za Jumapili. Mpaka leo, wadau! Jumapili ya tamasha lao la magari ya kale wanayapanga barabarani yakiwa yamezimwa, watu wanapita wanayaangalia kama wako makumbusho. Uwanja wa mbio, wikiendi, na hakuna mbio. Hiyo ndo bei ya kelele.

Hapa sasa ndo kwenye hoja yangu. Mnadhani kikomo cha sauti kimewekwa na watu wanaochukia magari. Kimewekwa na watu wanaotaka uwanja uendelee kuwepo kesho. Croft, kaskazini ya Uingereza, majirani walishtaki, na 2009 Mahakama ya Rufaa ikatoa amri kwamba siku za kelele kubwa zisizidi 40 kwa mwaka. Mwaka una siku 365, piga hesabu mwenyewe. Kila mwenye kidomodomo anayevua kizibo baada ya msosi anawapa majirani ushahidi wa bure. Yeye anarudi zake hotelini kuhariri klipu. Wanaobaki na msala ni vijana wanaotoka na vigari vyao vya kawaida, wamedunduliza miezi kwa ajili ya siku moja ya kuendesha bila kuogopa trafiki.

Najua jibu lenu: majirani si walihamia wakijua uwanja upo? Hata mimi nilikuwa naamini hivyo, na kusema kweli kihisia bado naona ina mantiki. Ila sheria ya Uingereza haiko hivyo. Kuna kesi ya Mildenhall, Suffolk. Uwanja wa pikipiki za mbio ulikuwepo tangu miaka ya 1970, watu wakanunua nyumba jirani 2006, wakashtaki kwa kelele. Ikapanda mpaka Mahakama ya Juu kabisa, na 2014 walionunua nyumba wakashinda. Kumkuta jirani na kelele zake siyo kwamba umekubali kelele zake.

Niwape langu pia, msije mkasema natukana watu kutoka juu ya mti. Mwaka 2016 nilikuwa na Altezza, naishi Sinza. Nikapeleka kwa fundi wa kuchomelea, akakata sailensa ya nyuma, akaunga bomba moja kwa moja. Ikiwaka, mtaa mzima unajua nimerudi. Nilikuwa najisikia staa. Asubuhi moja saa kumi na mbili kagonga mzee wa nyumba ya tatu. Shikamoo mzee. Marahaba, mwanangu. Nikajua nakuja kutukanwa. Hakunitukana. Aliniomba tu nimwambie huwa narudi saa ngapi usiku, kwa sababu mke wake ana presha, katoka hospitali, na gari langu likipita anaamka anatetemeka. Alitaka kujua saa ili yeye aamke kabla, akae naye.

Sikuwa na jibu. Siku hiyohiyo nilirudi kwa fundi. Sailensa yangu alishaiuza, mjinga mimi, nikanunua nyingine.

Na lile gari halikupunguza hata chembe ya spidi niliyoweza kuihisi. Hili ndo linaniudhi zaidi kwenye povu la wiki hii, hii imani kwamba kelele ni nguvu. Chukueni Formula 1. Mwaka 2004 pale Monza, Juan Pablo Montoya alikimbiza gari la V10, ule mlio wa kutoboa masikio, wastani wa kilomita 262 kwa saa kwa mzunguko mmoja. Ikawa rekodi. Mwaka 2014 zikaja injini za V6 zenye turbo na umeme, mashabiki wakalia kwamba zinanguruma kama mashine ya kukatia majani. Mwaka 2018 Kimi Räikkönen akaivunja rekodi palepale Monza na moja ya hizo mashine za majani. Mwaka 2020 Lewis Hamilton akapita hapo kwa wastani wa zaidi ya 264. Kelele ni nishati inayopotea hewani. Muda wa mzunguko hausikilizi.

Halafu kuikidhi hiyo sheria siyo kazi ya kurusha roketi. Sailensa nyingi za michezo ndani ni bomba lenye matundu, limezungushiwa nyuzi za glasi. Sauti inapenya kwenye matundu, nyuzi zinainyonya, moshi unapita moja kwa moja bila kubanwa sana. Tatizo ni kwamba zile nyuzi zinaungua na kupeperuka taratibu, ndo maana gari lililofaulu mwaka jana linafeli mwaka huu na mwenyewe anaapa hajagusa kitu. Unafungua, unajaza mpya, unafunga. Mchana mmoja. Kama bado inazidi, unaongeza sailensa ya pili katikati ya bomba, au unafunga kizibo, hicho nakubali kinakula nguvu kidogo. Wenye magari ya kisasa yenye valvu kwenye ekzosi mnajua wenyewe mnavyochomoa kamrija ili valvu ikae wazi muda wote. Rudisheni.

Kule Laguna Seca kuna hadi ujanja wa viwiko, vile vipande vya bomba vinavyogeuza mdomo wa ekzosi uangalie mbali na kibanda cha kupimia. Unafunga asubuhi, unafungua ukiondoka. Wengine wanaachia mafuta kidogo wanapokaribia kibanda, au wanapita na gia ya juu. Vinafanya kazi. Kiwiko mimi sikipendi sana, maana jirani wa upande wa pili wa kilima hajapona chochote, lakini angalau huyo dereva amekubali kwamba kuna mtu anasikiliza.

Na masikio yenu je? Wataalamu wa afya kazini wa Marekani wanasema desibeli 85 ni mwisho kwa saa nane. Kila zikipanda 3 muda unakatwa nusu, kwa hiyo kwenye 100 una dakika 15. Fikiria yule kijana anayeshika kipima nusu mita kutoka kwenye bomba, gari baada ya gari, kutwa nzima. Ndo yule yule staa wetu anayemsonya kwenye klipu.

Kwa hiyo hapana, sitampa pole. Alipewa nafasi, aliazimwa hadi kifaa, akaamua kudanganya kwa sababu ya sekunde 30 za video. Na nyie mliompigia makofi mmemsaidia aonekane shujaa wa kitu ambacho angeweza kukifungua kwenye uwanja hata bibi yangu.

Nimesikia kabuku tena siku nyingine mwezi ujao, uwanja tofauti, kikomo 98. Mwenye namba yake amwambie aende na kizibo chake mwenyewe, na aende na spana ya kukifungia, siyo ya kukifungulia. Haya, mwageni povu hapo chini, nipo nasoma.