Usuli wa grafu usomwe kabla ya kufutwa

Mwezi Oktoba 2012, gari la Curiosity lilichota mchanga huko Rocknest, kwenye sayari ya Mirihi, na kuupeleka kwenye chombo chake kiitwacho CheMin ili upigwe miale ya eksirei. Kipimo cha aina hiyo hakikuwahi kufanyika nje ya dunia. Grafu ilionyesha vilele vyembamba vya madini ambayo wanajiolojia wanayajua vizuri, yakiwemo olivini na pairoksini. Chini ya vilele hivyo kulikuwa na mwinuko mpana usio na ncha. Wanasayansi hawakuutupa. Waliuchambua, wakakadiria kwamba karibu robo ya mchanga ule, pengine zaidi, haikuwa fuwele kabisa.

Mwinuko kama huo kwa kawaida haudumu. Mtafiti hufungua programu, hubofya mara moja, na kila kilicho chini ya vilele hutoweka. Tabia hiyo ikome, angalau mpaka mtu ajue anafuta nini.

Atomi za fuwele zimejipanga kwa safu, ndiyo maana miale huchepuka kwa pembe maalumu na kutoa vilele. Lakini miale hutawanywa pia na hewa, na kishikio cha sampuli, na plastiki iliyoifunika, na vyote hivyo hurundikana kwenye usuli, yaani kila kilicho chini ya vilele.

Halafu kuna chuma. Mabomba mengi ya eksirei yanayotumika kwa vipimo vya aina hii hutumia shaba, na miale yake ina nishati ya kiloelektronivolti 8.04. Atomi ya chuma inahitaji 7.11 tu ili ing'olewe elektroni yake ya ndani, kisha nayo hutoa miale yake kila upande. Udongo mwekundu wa Afrika Mashariki, wenye oksidi nyingi za chuma, ukiwekwa mbele ya bomba hilo, usuli unapanda na vilele vidogo vya madini ya mfinyanzi vinazama. Kompyuta haiwezi kuviopoa. Usuli wenye hesabu 10,000 hupanda na kushuka kwa takriban 100, na mtikisiko huo hubaki palepale hata mstari ukishushwa hadi sifuri. Usuli ukiwa 400, mtikisiko ni 20 tu, na kilele cha hesabu 100 kinaonekana waziwazi. Dawa ni bomba la kobalti, ambalo miale yake ya 6.93 haifiki kiwango cha kukisumbua chuma. CheMin ilipewa kobalti.

Busara hii si ngeni. Mwaka 1950, katika King's College London, Maurice Wilkins na Raymond Gosling waliona hewa ndani ya kamera ikitia ukungu kwenye filamu zao za DNA. Waliiondoa hewa hiyo wakapitisha hidrojeni, ambayo hutawanya miale kidogo mno. Walizuia uchafu usiingie, badala ya kuufuta baadaye.

Wasimamizi wa tafiti na wahariri wa majarida wadai grafu ghafi, pamoja na kipimo cha kishikio kitupu. Chukua majivu ya volkano yanayochanganywa kwenye saruji: sehemu inayofanya kazi hasa ni kioo, na kioo hakina vilele, kina ule mwinuko mpana tu. Mwanafunzi akiufuta, ripoti yake itaorodhesha madini yote isipokuwa kile ambacho kiwanda kilitaka kujua kimo kwa kiasi gani.