Kitabu Kilifichwa, Uovu Ukabaki

Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika. Haikupita muda ikazuiwa shuleni kwa hoja kwamba yawafundisha vijana uchafu. Baadaye ikaruhusiwa. Hata hivyo, hadi leo wako miongoni mwetu wazazi ambao wakimkuta binti akisoma riwaya ya namna hiyo humpokonya. Hofu yao tunaielewa, kwani sisi pia twachukia maandishi yanayoipamba zinaa. Lakini yafaa tutofautishe kitabu kinachoupamba uovu na kitabu kinachoonyesha mwisho wake.

Rosa alilelewa na baba mlevi, aliyempiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Nyumbani alifundishwa kuogopa tu, hakufundishwa kujilinda. Alipokuwa mbali na wazazi wanaume walimchezea, na mwisho akajiua. Mwaka 1980 Said Ahmed Mohamed wa Pemba akatoa Utengano. Humo Maimuna anafungiwa ndani na baba yake, Maksuudi, ambaye mwenyewe huko nje hana staha. Vitabu hivi viwili viliandikwa kuhusu mabinti, lakini wanaoshtakiwa humo ni sisi wazazi.

Nasi wa Katavi tunayo sababu ya kuvisoma. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa wasichana 45 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 mkoani hapa walikuwa wamekwisha kuzaa au ni wajawazito. Hakuna mkoa uliotuzidi. Mwaka 2022 walikuwa 34. Hatudai kwamba kila mimba ilitokana na kubakwa. Lakini wako mabinti wanaopanga vyumba karibu na shule, na wengine huachwa peke yao wazazi wanapohamia mashambani msimu wa kilimo. Nani anayebisha hodi kwao usiku?

Linalofuata baada ya tendo ndilo linalotuumiza zaidi. Wazee hukutana, hutajwa ng'ombe au fedha, na jambo 'humalizwa kifamilia'. Pengine binti huozwa kwa yule yule aliyemdhulumu, eti kusitiri aibu. Aibu ya nani? Wail bin Hujr amepokea kisa cha mwanamke aliyeshambuliwa njiani akienda kuswali. Mtume (s.a.w.) hakumtia hatiani, alimwacha aende zake kwa maneno mema. Basi sisi twapata wapi mamlaka ya kumhukumu aliyedhulumiwa?

Sheria ya nchi nayo iko wazi. Tangu mwaka 1998, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana imeweka kwa mbakaji kifungo kisichopungua miaka 30, na kumwingilia msichana aliye chini ya miaka 18 asiye mkewe ni ubakaji hata akidai kwamba aliridhia. Kikao cha wazee hakina uwezo wa kulifuta kosa hilo.

Kwa hiyo, ndugu zetu, binti akisema amebakwa, aaminiwe kwanza. Asiogeshwe wala nguo zake zisifuliwe. Afikishwe hospitali upesi, kwani dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI hufaa zikianzwa kabla ya saa 72 kupita. Taarifa itolewe polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na fomu ya PF3 ichukuliwe. Aliye mbali apige simu namba 116.

Na vitabu je? Tusiviachie vijana wavisome gizani. Baba na mama wavisome kwanza, kisha wazungumze na watoto wao, wa kiume na wa kike. Binti aliyezoea kuzungumza na mzazi wake kuhusu msiba wa Rosa hatashindwa kumweleza wa kwake. Aliyenyang'anywa kitabu kwa kofi amekwisha kujua kwamba katika nyumba ile jambo hilo halisemwi, naye atanyamaza.