Kosa la droni ni kuzaliwa Shenzhen

Haya jamani, leo tuzungumze droni. Ndizo zile ndege zisizo na rubani zinazopiga picha harusi kutoka juu mpaka bibi harusi anashikilia shela lisipeperuke. Nyingi mnazoziona ni za kampuni moja tu, DJI, ya mji wa Shenzhen, China, iliyoanzishwa 2006. Marekani nako ni hivyo hivyo. Mkulima, polisi, mpiga picha, mtoto aliyezawadiwa Krismasi, wengi wao wanarusha DJI. Sasa serikali yao imeamua imetosha.

Tarehe 22 Desemba 2025 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, iliziweka droni zinazotengenezwa nje ya nchi hiyo, pamoja na vipuri vyake muhimu, kwenye orodha ya vifaa vinavyohatarisha usalama wa taifa. Sikusema za China. Nimesema za nje, popote pale. Kifaa cha orodha hiyo hakipewi kibali cha mawasiliano ya redio, na toleo jipya lisilo na kibali haliingizwi nchini wala haliuzwi. Zile zilizokwisha kupata kibali zinaendelea kuuzwa na kurushwa. Januari 2026 tume ikalegeza kidogo, ikaziachia kwa muda baadhi ya droni, zikiwemo zile ambazo wizara ya ulinzi ilikuwa imezikubali. Kwa mtu wa kawaida anayetaka kamera ya kuruka kwa dola mia chache, ahueni hiyo haimhusu.

Kinachoniudhi hasa ni njia iliyotumika kufika hapo. Desemba 2024 sheria ya bajeti ya ulinzi ilisema hivi: chombo kimojawapo cha usalama kiikague DJI ndani ya mwaka mmoja, na kama hakuna atakayeikagua, basi kampuni iingie kwenye orodha yenyewe. Umeona mtego huo? Ukaguzi usipofanyika, anayeadhibiwa ni aliyetakiwa kukaguliwa! DJI wenyewe waliandika barua kuomba wakaguliwe. Mwaka ukaisha, ukaguzi ule haukufanyika, na badala yake serikali ikatoa tamko la jumla juu ya droni zote za kigeni.

Sitaki mnielewe vibaya. Siitetei China, na hofu ya Wamarekani si ya kijinga. Sheria ya ujasusi ya China ya 2017 inazitaka kampuni za huko zisaidie kazi ya ujasusi zinapoambiwa. Droni inapita juu ya mabwawa, nyaya za umeme na bandari, na kumbukumbu ya safari zake zote inabaki kwenye kifaa na kwenye simu inayoiendesha. Jeshi la nchi kavu la Marekani liliwaambia askari wake waziweke chini DJI tangu Agosti 2017, na hilo naliona ni haki yake kabisa. Septemba 2025 jaji mmoja wa Washington alizikataa baadhi ya hoja za wizara ya ulinzi dhidi ya DJI, lakini akaiacha kampuni hiyo ibaki kwenye orodha ya kampuni za kijeshi za China. Sawa. Jeshi ni jeshi.

Ila zimamoto si jeshi. Chukueni ile wizara yao inayosimamia ardhi ya umma na mbuga za taifa (wanaiita ya Mambo ya Ndani, lakini haifanani na ya kwetu yenye polisi). Januari 2020 iliziegesha droni zake, kama 800 hivi, isipokuwa kwa dharura. Zilikuwa zinafanya nini? Kati ya kazi zake ni kuchoma nyasi na vichaka kwa makusudi kabla moto mkubwa haujaja. Droni inadondosha vitufe vidogo kama vya tenisi ya mezani vyenye kemikali, vinawaka vikifika chini. Kazi hiyo kabla ya droni ilifanywa na watu ndani ya helikopta inayoruka chini chini, juu ya moshi na miti. Machi 2019 helikopta ya aina hiyo ilianguka katika msitu wa Sam Houston, Texas, na mtu mmoja akafa. Kwa hiyo unapoambiwa droni imeegeshwa kwa sababu za usalama, uliza usalama wa nani.

Florida wao hawakusubiri Washington. Kanuni ya jimbo ilianza kutumika Aprili 2023, na polisi na zimamoto wakalazimika kuziweka stoo droni za Kichina ambazo fedha za umma zilikwisha kuzinunua. Ofisa wa polisi wa Orlando aliwaambia maseneta wa jimbo kwamba droni za orodha iliyoruhusiwa zilikuwa zimewaharibikia mara tano katika mwaka mmoja na nusu, na za DJI hata mara moja. Baadaye jimbo likatenga dola milioni 25 za kununulia nyingine. Kwa mji tajiri, sawa. Kwa kikosi cha zimamoto cha kijijini kinachochangisha fedha kwa kuuza chakula, kuacha droni ya dola elfu chache na kutafuta ya zaidi ya elfu kumi maana yake ni kukaa bila droni.

Wapenzi wa droni nao wana kilio chao. Kuna vijana, na wazee pia, ambao hawanunui iliyokamilika. Wanaiunda wenyewe mezani: mota nne, fremu, bodi, kamera, betri, halafu wanavaa miwani na kushindana. Sehemu kubwa ya vipuri hivyo vinatoka China, na vipuri sasa vimo kwenye orodha. Wanaambiwa wanunue vya nyumbani. Vipi hivyo? GoPro walijaribu, wakajitoa Januari 2018. Skydio, kampuni ya California iliyokuwa tumaini la wengi, iliacha kuwauzia watu wa kawaida Agosti 2023, ikabaki na polisi, jeshi na makampuni.

Sisi huku tuna vizuizi vyetu, tena vingi. Tanzania unahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na cha Wizara ya Ulinzi. Kenya, kabla ya kanuni za 2020, droni yako ingeweza kuishia mikononi mwa maofisa wa uwanja wa ndege. Nimelalamika sana kuhusu hayo na nitaendelea kulalamika. Lakini angalau huku swali ni: nani anairusha, wapi, na kwa kazi gani? Wamarekani nao wana maswali hayo, wana na usajili wa dola tano, na yalikuwa yanatosha kwa mtu anayepiga picha shamba lake. Sasa wameongeza la kabila.

Na hata huyo mzalendo aliyenunua ya nyumbani hajapona. Oktoba 2024 China iliiwekea Skydio vikwazo, kwa sababu ya kuiuzia Taiwan. Ikagundulika kwamba betri za droni hiyo ya Kimarekani zilikuwa zinatoka China. Kampuni ikawaandikia wateja wake kwamba kila droni itapewa betri moja. Moja! Kamanda wa zimamoto aliyetii sheria na kulipa bei mara kadhaa anairusha, nusu saa na kitu, halafu anaishusha, anachomeka chaja na kusubiri, huku moto upande wa pili wa kilima haumsubiri.