TALAKA HAIFUTI UBABA

Ndugu na dada wa Karagita,

Mwanamume anatuma talaka kwa simu, kisha anazima laini. Mama anabaki na watoto, kodi ya nyumba na zamu ya asubuhi shamba la maua. Akidai matumizi anatishwa: "Sharia inasema watoto ni wa baba. Nyamaza ama niwachukue."

Huko ni kuisingizia dini. Katika sharia, malezi ya mtoto mdogo huanza kwa mama, na matumizi yake ni juu ya baba. Rudi kwenye Sura At-Talaq uone mke wa eda anavyolindwa asifukuzwe nyumbani. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, nayo inawabebesha wazazi wote wawili jukumu la mtoto, wawe wameoana au la.

Wazee wa msikiti, acheni kufunga kesi kwa "subiri, dada". Subira hainunui unga.

Dada, nenda kwa Kadhi Nakuru talaka iandikwe. Beba cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Baba akikataa kulisha, muone afisa wa watoto Naivasha.

Na wewe unayemjua aliyezima simu, mfikishie ujumbe huu.