Fedha ya Hisani Ihesabiwe Hadharani

Mtu anunuapo tikiti ya bahati nasibu kwa ajili ya zahanati au watoto yatima, hufanya mambo mawili kwa mara moja: hutoa sadaka, na hutumaini zawadi. Nia hizo mbili zikisha kufungwa katika tikiti moja, ni vigumu kujua ipi imechukua sehemu gani ya fedha. Hapo ndipo mjanja hupata pa kujificha. Leo twapenda kuangalia jinsi serikali za mitaa za Uingereza zinavyolisimamia jambo hili, maana lina fundisho kwa kila tawi na kila chama cha wafanyakazi kinachochangisha fedha kwa njia hiyo.

Tangu sheria ya 1956, vyama vya hisani na vya michezo nchini humo vimeruhusiwa kuendesha bahati nasibu ndogo baada ya kujiandikisha kwa halmashauri ya mahali pao. Sheria inayotumika sasa ni ya 2005. Ada ya kujiandikisha ni pauni 40, na kila mwaka pauni 20. Mauzo ya tikiti yasizidi pauni 20,000 kwa mchezo mmoja, wala pauni 250,000 kwa mwaka. Chama kinachovuka mipaka hiyo hakina budi kuomba leseni kwa Kamisheni ya taifa.

Utaratibu huo ni mwema, kwani jirani humjua jirani yake kuliko ofisi ya mbali. Lakini tutazame ndani yake. Sheria yadai kwamba angalau asilimia 20 ya mapato ilifikie lengo la hisani. Maana yake, katika kila pauni 100, pauni 80 zaweza kuishia katika zawadi na gharama, na sheria isiwe imevunjwa. Twauliza: ni wanunuzi wangapi wanaolijua jambo hilo? Mfanyakazi atoaye fedha yake akidhani yote yaenda kwa yatima amepotoshwa, hata kama hakuna aliyemwibia.

Dawa imo katika sheria ile ile. Katika muda wa miezi mitatu baada ya mchezo, chama hupaswa kuipelekea halmashauri taarifa ya mapato, zawadi, gharama na fungu lililotolewa, iliyotiwa sahihi na wanachama wawili. Mwananchi yeyote aweza kuisoma kwa muda wa miezi 18. Hayo ndiyo meno ya sheria. Lakini ada ya pauni 20 haitoshi kumlipa mkaguzi hata siku moja. Wananchi wasipoisoma taarifa, itabaki karatasi katika jalada.

Liko jambo la pili. Mwaka 2015 halmashauri ya Aylesbury Vale ilianzisha bahati nasibu yake yenyewe kwa njia ya intaneti, tikiti pauni 1, na asilimia 60 ikaenda kwa vyama vya hisani. Halmashauri nyingine zikafuata, katika miaka ambayo ruzuku ya serikali kuu ilikuwa ikipunguzwa. Fungu hilo ni mara tatu ya kima cha sheria, nasi twalisifu. Hata hivyo twasema wazi: bahati nasibu haiwezi kushika mahali pa kodi. Kodi ya haki humfuata mwenye nacho. Bahati nasibu humfuata mwenye matumaini, na mara nyingi huyo ndiye asiye nacho.

Katika nchi zetu mamlaka yamepangwa kwa namna mbalimbali. Katiba ya Kenya ya 2010 imezipa kaunti sehemu ya kazi ya kusimamia michezo ya kubahatisha. Tanzania, kwa sheria ya 2003, imeikabidhi kazi hiyo Bodi ya taifa. Lakini leseni, iwe imetolewa na kaunti au na Bodi, ni ruhusa ya kukusanya tu. Si ushahidi kwamba fedha imefika.

Kwa hiyo twawaomba wanachama na wafanyakazi wote: kabla ya kununua tikiti, ulizeni ni fungu gani litakalofika. Baada ya mchezo, dai lenu liwe hesabu iliyobandikwa ukutani, penye macho ya watu wote. Wazee walitwambia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya yatima ndiyo isiyostahili kabisa kupotea hivyo.