Kuchungulia si kuchukua

Nilipohesabu maneno ya matini zangu kwa ajili ya kazi ya mwisho wa mwaka, programu niliyotumia iliniletea orodha yenye "ng" na "ombe" kama maneno mawili. Ilitengenezwa kwa ajili ya Kifaransa, ambamo ritifaa hutenganisha maneno: "l'homme" ni mawili. Katika Kiswahili alama hiyo ni sehemu ya herufi. Ng'ombe wangu alichinjwa kabla sijaanza uchambuzi.

Wengi katika kitivo chetu husema programu ni kazi ya watu wa hesabu. Mimi nasema sehemu yake moja ni yetu, nayo ni ndogo kiasi cha kujifunza kwa wiki moja.

Programu nyingi husoma matini kwa chombo kiitwacho iterata. Katika Java kina amri mbili za msingi: moja huuliza kama kuna kinachofuata, nyingine hukileta. Kikishaletwa, hakirudi. Tuipe basi neno linaloanza na n. Sauti ya kwanza ni ipi? Katika "nazi" ni n, katika "nyumba" ni ny, katika "ngoma" ni ng, katika "ng'oa" ni ng'. Hatuwezi kuamua bila kutazama herufi moja au mbili mbele. Lakini tukizichukua ili tuzitazame, zimetutoka. Tunahitaji amri ya tatu: chungulia.

Anayeanza hukimbilia urithi: hutunga klasi mpya inayorithi iterata ya zamani, kisha huiongezea amri hiyo pamoja na foleni ya kuwekea herufi zilizochunguliwa. Hapo mtego hutegwa. Chukua neno "sana". Tukifika kwenye n, tunachungulia, na a inaingia kwenye foleni. Swali la "kuna kingine?" lililorithiwa halijui habari za foleni, linatazama iterata tupu na kujibu hapana. Programu inatoa "san", bila kulalamika.

Bila shaka anayerithi anaweza kuandika upya amri zote mbili. Lakini akifanya hivyo, amerithi nini? Tena, jenereta za Python hazikubali kurithiwa hata kidogo.

Kwa maoni yangu, heri kuifunika. Klasi mpya iibebe iterata ya zamani ndani yake pamoja na foleni. "Chungulia" itoe kwenye iterata na kuweka kwenye foleni, "leta" imalize foleni kwanza, "kuna kingine?" iulize foleni, halafu iterata. Matini ikiisha, "chungulia" ijibu hakuna, isivunje programu.

Mtu ataniambia: badilisha kila ng' kuwa alama moja kabla ya kusoma, yaishe. Kwa ng' ni kweli, mradi ukumbuke kwamba ritifaa huandikwa kwa alama mbili tofauti, iliyonyooka na iliyopinda. Lakini shida yetu haiishii kwenye herufi. Tukikutana na "kwa", tunataka kujua kama linalofuata ni "sababu", ili "kwa sababu" ihesabiwe kama kiunganishi kimoja, au ni "mguu", na "kwa" ibaki peke yake. Klasi inayofunika haijali inabeba nini. Ile ile iliyochungulia herufi huchungulia maneno, bila kubadilishwa hata mstari mmoja. Hiyo ndiyo faida ambayo urithi usingetupa kirahisi.

Mwandishi wa programu anaweza kututengenezea amri ya kuchungulia. Hawezi kutuambia tuchungulie hatua ngapi, wala tutafute nini. Hilo ni swali la fonolojia na la sarufi, na jibu lake tunalo madarasani kwetu. Naomba basi zoezi hili liingizwe katika somo la fonolojia: kila mwanafunzi aandike kisomaji cha herufi za Kiswahili, akijaribu kwa "ngoma", "ng'oa" na "sana". Tusipokiandika sisi, tutaendelea kuhesabu vipande vya ng'ombe.